Muundo mmoja: maana yake katika mashindano ya mashua za tanga

Katika mashindano ya vyombo vya asili hapa pwani, kila mashua huja na fundi wake: huyu amechonga mkuku (uti wa chini wa chombo) mwembamba, yule amerefusha foromali, mti unaobeba tanga, ili tanga lishike upepo zaidi, na chombo kikishinda, sifa hugawanywa baina ya nahodha na fundi. Muundo mmoja huliondoa fungu la fundi. Mashua zote zinazoshindana hutengenezwa kwa vipimo, uzito na tanga vilivyowekwa na kanuni, ili kinachopimwa kiwe ujuzi wa kusoma upepo wa kusi na mkondo wa Kilindini, wala si unene wa mfuko.

Optimist, kimashua cha watoto kilichochorwa na Clark Mills huko Florida, Marekani, mwaka 1947, huonyesha jinsi hesabu hiyo inavyofanya kazi. Mwili wake hauruhusiwi kuwa chini ya kilo 35, na ukipungua hapo hufungwa vipande vya uzito ndani mpaka ufike hapo. Kwa hiyo mzazi hapati faida yoyote akilipia malighafi ghali ili mtoto wake apate wepesi. ILCA, mashua ya mtu mmoja ambayo wengi bado huiita Laser, ina hekima nyingine: mwili ni mmoja, lakini hubeba tanga la mita za mraba 4.7, 5.76 au 7.06, hivyo kijana akiongezeka uzito hubadilisha tanga na sehemu ya chini ya mlingoti, na mashua inabaki ileile.

Ugumu huanzia kwenye matanga (ya mashua, si ya msiba). Kitambaa cha tanga jipya ni kikavu, hulia kama karatasi ukikikunja. Kikishapigwa na jua na chumvi hulegea, tumbo la tanga likasogea nyuma, na mashua ikashindwa kupiga bisha (kupanda upepo kwa mshazari) sawasawa. Tanga hilo bado ni halali kwa kila kipimo, ila halilingani na la jirani aliyenunua jipya wiki iliyopita. Kwa ILCA, tanga la mashindano sharti litoke kwa watengenezaji walioidhinishwa, na nakala za bei nafuu hubaki za mazoezi tu. Sharti hilo hulinda usawa, lakini humwacha mnunuzi bila nafasi ya kupatana bei, nami naona hapo ndipo kanuni inapojipinga yenyewe. Dawa ya kweli ni uimara: tanga kubwa la ILCA lilichorwa upya kwa kitambaa kizito zaidi ili lidumu, na baadhi ya madaraja, yaani aina za mashua zenye kanuni zake, huweka kikomo cha idadi ya matanga kwa shindano moja.

Katika Olimpiki, mashua za ILCA hutolewa na waandaaji. Klabu yenye mashua chache za kushirikiana inaweza vivyo hivyo kuwapa washindani mashua zake, kwa kura ya bahati, na kubadilishana vyombo baada ya kila mzunguko, mradi kwanza kila mlingoti wa alumini uviringishwe kwenye sakafu tambarare, kwani uliopinda hurukaruka, na atakayeupata atakuwa ameshindwa kabla ya kipenga.