Megawati tunazo, umeme haufiki: yanayosemwa kuhusu njia kuu za umeme

Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa ziarani Kilimanjaro alisema Tanzania itanunua umeme wa Ethiopia, upitie Kenya, uingie mikoa ya kaskazini. Mitandao ikachafuka. Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kwa matrilioni, linabeba megawati 2,115, mahitaji ya juu ya nchi nzima wakati ule yalikuwa yakicheza kwenye megawati 1,900, halafu twende kuomba kwa jirani? Hasira ile ilikuwa na haki yake. Kwa miaka mingi wananchi wameimbiwa megawati tu: mtambo umewashwa, mtambo mwingine unakuja. Habari za njia ya kusafirisha huo umeme, nani anaipanga, nani anaiidhinisha na nani anailipia, hubaki kwenye makabrasha ya wizara na ya mdhibiti. Hapo ndipo uvumi hupata pa kuota.

"Nchi inayozalisha vya kutosha haina haja ya jirani"

Tuanze na ramani. Mitambo mikubwa ya Tanzania iko mashariki na kusini: Rufiji, Kidatu, Kihansi, Mtera, na ile ya gesi Kinyerezi na Ubungo. Arusha na Moshi ziko mbali na yote hiyo. Umeme wa Rufiji hutoka bwawani kwa njia ya msongo (volteji) wa kilovoti 400 hadi Chalinze, kilomita kama 160. Kutoka pale kwenda Dodoma, njia mpya ya kilovoti 400 ilikuwa bado inajengwa wakati mjadala ule ukipamba moto. Kwa hiyo umeme wa kwenda kaskazini ulitegemea njia za zamani zenye msongo mdogo, ukizunguka mikoa kadhaa kabla ya kufika.

Msongo mdogo maana yake ni mkondo mkubwa kwa kiasi kilekile cha umeme, na mkondo mkubwa hupasha nyaya joto. Joto hilo ni umeme uliokwisha kuzalishwa na kugharimiwa, unaopotelea hewani. Tena hesabu yake haipandi taratibu: mkondo ukiongezeka mara mbili, upotevu unakuwa mara nne. Ndiyo sababu mafundi hung'ang'ania kupandisha msongo. Kwa waya uleule na umeme uleule, kutoka kilovoti 220 kwenda 400 kunaondoa karibu asilimia 70 ya upotevu. TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, ilikadiria kwamba umbali huo unaligharimu shirika takriban shilingi bilioni 32 kwa mwaka katika ukanda wa kaskazini peke yake. Na bado hujagusa adha ya msongo kushuka jioni, taa zikafifia na mota za mashine zikaungua.

Upande wa pili wa mpaka, kituo cha Isinya kiko kilomita 93 tu kutoka Namanga kwa njia ya umeme. Umeme wa Ethiopia wenyewe hushuka hadi Suswa, Kenya, kwa njia ya mkondo mnyoofu (DC) ya kilovoti 500, yenye urefu wa kilomita 1,045 na uwezo wa megawati 2,000. Kenya ilianza kuchota humo megawati 200 Novemba 2022.

Je, hii ina maana kila mkataba wa kununua nje ni mzuri? La. Bei ya Ethiopia, ushuru ambao Kenya inatoza kwa kuupitisha, na muda wa mkataba ni mambo ya kuulizwa kwa ukali, na kwa maoni yangu yangepaswa kuwekwa wazi siku ileile ya tangazo. Lakini hayo ni maswali ya bei. Hoja kwamba "tunao wetu wa kutosha" haiyajibu, maana umeme uliojaa Rufiji haumsaidii mwenye kiwanda Njiro, Arusha, kama njia ya katikati ni nyembamba.

"Kuboresha njia ni kubadilisha nyaya"

Wakati mwingine ni kweli. Waya wa kawaida wa alumini wenye kiini cha chuma unaweza kuondolewa, ukawekwa waya wa kisasa unaostahimili joto kali bila kulegea sana, minara ikabaki ileile. Njia ikabeba umeme zaidi na hakuna shamba jipya linaloguswa. Ni mbinu nzuri, na sidhani tunaitumia inavyostahili.

Ila hiyo inaongeza mkondo, haipandishi msongo. Ukitaka kutoka 220 kwenda 400, vikombe vya kuzuia umeme lazima virefuke, minara ipande, nyaya ziachane zaidi, na kila kituo cha kupoza umeme njiani kipate transfoma na swichi mpya. Mara nyingi hiyo ni njia mpya kabisa, mkuza mpya (ukanda wa ardhi unaoachwa wazi chini ya nyaya), na tathmini mpya ya mazingira.

Wapangaji wenye busara huliona hilo mapema. Njia ya uti wa mgongo ya Iringa, Dodoma, Singida hadi Shinyanga, kilomita 670, ilijengwa kwa vipimo vya kilovoti 400 ingawa ilianza kuendeshwa kwa 220. Wapo waliobeza kwamba ni ufujaji. Kumbe minara na mkuza ndivyo vigumu kuvipata mara ya pili. Transfoma inanunuliwa.

"Pesa zikipatikana leo, mwakani inawaka"

Njia ya Kenya na Tanzania, kutoka Isinya kupitia Arusha hadi Singida, ina urefu wa kilomita 507. Benki ya Maendeleo ya Afrika iliridhia mkopo wake mwaka 2015. Iliwashwa Desemba 2024. Miaka tisa na ushei, na huo ni mradi uliofanikiwa.

Kinachokula muda si kusimika minara. Kabla ya mkandarasi kukanyaga porini, njia hutakiwa iwemo kwenye mpango wa taifa: Tanzania ni Mpango Kabambe wa umeme, uliohuishwa 2020 na unaotazama hadi 2044, Kenya ni mpango wa miaka 20 wa kuendeleza umeme kwa gharama ndogo kabisa. Hufuata uchambuzi wa jinsi umeme utakavyogawanyika kwenye gridi. Wataalamu huiondoa njia moja kwenye hesabu, kisha nyingine, wakiuliza kila mara kama zilizobaki zitahimili mzigo bila kuzidiwa. Njia ikivuka mpaka, hesabu hiyo inarudiwa na nchi mbili zenye kanuni mbili za gridi. Halafu mazingira, halafu ardhi, na ardhi ndiyo hukwamisha.

Mfano unaouma uko Kenya. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, mitambo 365 ya jumla ya megawati 310, ulikamilika 2017. Njia ya kuutoa umeme huo, Loiyangalani hadi Suswa, kilomita 428, haikuwa tayari hadi Septemba 2018. Mkandarasi wa kwanza kutoka Hispania alikuwa amefilisika, na madai ya fidia yalikuwa yamechelewesha sehemu za njia. Mapanga ya upepo yalisimama jangwani na mkataba ukataka mwekezaji alipwe hata hivyo. Mabilioni ya shilingi za Kenya yalilipwa kwa umeme ambao hakuna aliyeutumia. Anayesema kazi ya kupanga ni kupoteza muda asome habari za Loiyangalani.

"Mdhibiti yupo kupandisha bei"

Mdhibiti pia huzikataa bei, ila kukataa hakuvumi. TANESCO ilipoomba nyongeza ya asilimia 18.19 mwaka 2016, EWURA, mdhibiti wa Tanzania, baada ya mikutano ya taftishi, yaani ya kusikiliza maoni ya umma, iliridhia 8.5. Siku moja kabla ya bei mpya kuanza Januari 2017, waziri akaisitisha, na mkurugenzi mtendaji wa shirika akaondolewa. Wateja tulishangilia, na mimi sitajifanya sikufurahi. Lakini gharama ya kukarabati njia haikufutika kwa amri ile. Ilihamia kwenye madeni ya shirika na kwenye miradi iliyosogezwa mbele.

Kazi yenyewe ya mdhibiti kwenye njia za kusafirisha ni ya kukera na haionekani. Huuliza: kwa nini njia hii na si ile? Kwa nini gharama ni hii? Uwekezaji huu utaanza lini kumhudumia mlipaji? Hukadiria pia upotevu unaoruhusiwa kuingizwa kwenye bei. Nchini Kenya upotevu wa mfumo mzima umekuwa ukizunguka asilimia 23, sehemu kubwa ikiwa kwenye nyaya za usambazaji mitaani na wizi, na EPRA, mdhibiti wa huko, hairuhusu wote uangukie kwa mteja. Kinachozidi kiwango, Kenya Power, kampuni inayouza umeme, inakibeba yenyewe. Hapo mdhibiti anamtetea mwenye tokeni ya shilingi mia.

Udhaifu wake upo. Taarifa za taftishi huandikwa kwa lugha ya wahasibu, na mikutano huitishwa saa ambazo mama lishe na kinyozi, ambao umeme ndio mtaji wao, wako kazini.

"Akijenga mwekezaji binafsi, mwananchi halipi"

Analipa, kwa awamu. Mkataba wa KETRACO, shirika la Kenya la kusafirisha umeme, na kampuni ya Adani ya India wa Oktoba 2024, wa miaka 30 na thamani ya dola milioni 736, ulikuwa wa aina hiyo: mwekezaji anajenga njia, kisha anarudishiwa fedha zake kidogokidogo kutokana na malipo ya umeme. Mahakama Kuu iliusimamisha, na Rais Ruto akaufuta Novemba 21, 2024. Njia zilizokuwa ndani yake, ikiwemo ya Gilgil, Thika, Malaa hadi Konza, bado zilihitajika siku ya pili yake.

"Nyaya zinapita juu ya paa letu makusudi ili sisi tukae gizani"

Hili nalisikia kila penye minara mirefu, na sielewi kwa nini miradi haitumi mtu wa kulijibu kijijini mapema. Njia ya kilovoti 400 haiwezi kukatwa katikati ikawekewa transfoma ya nguzoni. Inahitaji kituo cha kupoza umeme cha mabilioni, kinachoushusha hatua kwa hatua hadi kilovoti 33 au 11, na baadaye volti 230 za nyumbani. Kijiji chini ya mnara kitapata umeme wa REA, wakala wa umeme vijijini, kutoka upande mwingine kabisa, labda kilomita 40 kutoka hapo.

Maelezo hayo ni sahihi na hayatoshi. Anayepoteza mikorosho yake kupisha mkuza, tena bila kupata hata taa moja, ana dai. Kiufundi hakuna kinachozuia mradi kutenga fungu la kuunganisha vijiji vya njiani. Ni uamuzi wa kupanga, na huwa rahisi ukiingia kwenye bajeti mwanzoni kuliko baada ya vijiji kufunga barabara.

Kuhusu fidia, watu huchanganya nchi mbili. Kenya, kwa njia ya haki ya kupita, mwenye shamba hubaki na hati yake na hulipwa sehemu ya thamani ya ardhi, ila haruhusiwi kujenga wala kupanda miti mirefu ndani ya mkuza, ambao kwa kilovoti 400 ni mita 60. Tanzania, mthamini huhesabu ardhi, mazao na majengo, pamoja na posho za usumbufu na usafiri. Sheria ya uthamini ya 2016 inataka malipo yatolewe ndani ya miezi sita, la sivyo riba ianze kuhesabiwa, na uthamini wenyewe ukipitiliza miaka miwili unakuwa umekufa, lazima urudiwe. Ukiwa kwenye mkuza, hifadhi tarehe iliyo kwenye fomu yako.

"Tukiunganishwa, wakizimika nasi tunazimika"

Nusu ya hili ni kweli. Gridi zilizounganishwa kwa mkondo geu (AC) huzunguka kwa mwendo mmoja, mizunguko 50 kwa sekunde, na kishindo cha upande mmoja husikika upande wa pili. Kenya na Uganda zinalijua hilo tangu Owen Falls ilipoanza kuiuzia Kenya umeme miaka ya 1950. Njia ya Ethiopia ni tofauti, kwa kuwa mkondo mnyoofu hauzifungi gridi mbili kwenye mwendo mmoja, ingawa kuupoteza ghafla ni sawa na kuzimikiwa na mtambo mkubwa.

Lakini gridi iliyo peke yake nayo huzimika, na ikizimika haina wa kuisukuma iamke. Kinachoamua ni relei za kinga, vifaa vinavyokata njia yenye hitilafu, zilizopangwa kwa makubaliano, akiba ya mitambo inayoweza kupanda kwa sekunde, na vituo vya uendeshaji vinavyoongea. Hayo ndiyo mambo ambayo Muungano wa Umeme wa Afrika Mashariki, ulioanzishwa 2005 na wenye makao Addis Ababa, umekuwa ukiyafanyia kazi kupitia kanuni moja ya gridi na bodi yake ya udhibiti. Njia ya Iringa, Mbeya na Tunduma kuelekea Zambia ikikamilika, kanuni hiyo italazimika kuzungumza na ya muungano wa kusini mwa Afrika, ulioanza 1995 na ambao umezoea masharti yake wenyewe.