"Si muongeze baiskeli tu?"

Kazi yangu ni kupanga baiskeli za kukodi zilale wapi na ziamkie wapi. Kila nikiitaja, hakosi mtu wa kunipa dawa: "Kituo kikikauka, yaani baiskeli zikiisha, si muongeze baiskeli tu?"

Haya, tuongeze. Barcelona mji unateremka kuelekea baharini. Watu hushuka kwa baiskeli. Kupanda, wanapanda metro. Saa tatu asubuhi mteja yuko kule chini, baiskeli mkononi, vifungio vyote, yaani sehemu za kufungia baiskeli kituoni, vimejaa na dakika zinasoma. Huyo hakukosa baiskeli, kakosa pa kuiacha. Kifungio kitupu nacho ni bidhaa, na kila baiskeli mnayoniongezea inakula kimoja.

Vishawishi vya kuwafanya wateja wenyewe wazihamishe vipo. Vélib', huduma ya baiskeli za kukodi ya Paris iliyoanza 2007, ilikuja kutoa dakika 15 za ziada kwa anayerudisha baiskeli kwenye vituo vya mlimani. Citi Bike, huduma kama hiyo ya New York, huwapa pointi wanaozitoa panapofurika. Malori ya kuzihamisha pia yapo, ila asubuhi yanakwama kwenye foleni ileile tunayojidai kuipunguza.

Kinachonikera hasa ni sifuri. Bosi anafungua jedwali: kituo fulani, saa mbili hadi saa tatu asubuhi, safari 0. "Hapa hakuna wateja, punguzeni." Bosi, baiskeli ziliisha saa mbili kasorobo! Data yetu huandika safari zilizofanyika. Aliyefika, akaona patupu, akaenda zake akinuna, haandikwi popote. Ukipunguza, wiki ijayo sifuri itaanza mapema zaidi, na bosi atajiona alipatia. Ndiyo maana kwanza natupa saa zote ambazo kituo kilikuwa kikavu, kisha napima kasi ya saa ambazo baiskeli zilikuwepo: baiskeli 12 kuondoka kati ya saa moja na robo na saa mbili kasorobo ni mahitaji ya 24 kwa saa. Si 12, na wala si sifuri.

Hata hapo nina mashaka. Aliyekosa huku huenda alitembea hadi kituo cha jirani akahesabiwa kule, nami namhesabu tena huku. Halafu kuna baiskeli mbovu. Paris wateja wenyewe hugeuza kiti kielekee nyuma ili mwenzao asihangaike nayo. Viti vitatu vimegeuzwa, na jedwali langu linasema kituo kina baiskeli 3 ambazo leo hakuna anayezitaka.