Kaunti ikiikabidhi serikali kuu ya Marekani ardhi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kaunti ya Marekani ikitaka kuipa serikali kuu ardhi yake, iwe ya hifadhi au ya kambi ya jeshi, maneno huwa mengi. Mengine huwaumiza wenyeji, maana huyaamini mpaka hati imekwisha kusainiwa.

Dhana: Ardhi ikishaenda Washington hairudi.
Hurudi, ila si kirahisi. Kaunti ya Escambia, Florida, ilinunua kisiwa cha Santa Rosa kutoka serikali kuu mwaka 1929, kisha ikakirudisha kwa hiari yake. Mwaka 1939 Rais Franklin Roosevelt akakitangaza kuwa hifadhi ya taifa. Kaunti ikakitaka tena, na mwaka 1946 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuirejeshea. Lakini hati ya 1947 ilikuja na sharti: kaunti inaweza kukodisha, si kuuza; ikiamua kukitoa, wa kupewa ni serikali kuu au jimbo la Florida tu. Ndiyo maana nyumba nyingi za Pensacola Beach, iliyo kisiwani humo, zilijengwa juu ya ardhi ya kukodi. Kwa hiyo kaunti inayotaka ardhi yake ibaki na matumizi fulani, au irudi yasipofuatwa, iliandike hilo kwenye hati siku ya kutoa. Ahadi ya mdomo ya afisa haitoshi, hata awe mwema namna gani.

Dhana: Washington italipa kila mwaka badala ya kodi.
Hapa ndipo madiwani hupiga hesabu vibaya. Sheria ya 1976 huzilipa kaunti zenye ardhi ya serikali kuu isiyotozwa kodi. Ila ardhi iliyokuwa ya jimbo au ya kaunti, na haikuwa ikitozwa kodi ilipohamishwa, kwa kawaida haihesabiwi. Kuna misamaha michache. Isomwe kabla ya bajeti kuandikwa.

Dhana: Sheria za jimbo hazifanyi kazi tena hapo.
Kumiliki ardhi ni jambo moja, kuwa na mamlaka ya kisheria juu yake ni jingine. Tangu 1940, serikali kuu haihesabiwi kuwa imepata mamlaka hayo mpaka itamke rasmi kuwa imeyakubali.

Dhana: Kaunti inalindwa na katiba ya nchi.
Wasomaji wa Kenya hudhani hivyo, kwa kuwa katiba yao ya 2010 inazitaja kaunti zote 47 kwa majina. Katiba ya Marekani haizitaji kabisa. Uwezo wa kaunti kutoa ardhi hutokana na sheria za jimbo lake, na huko ndiko pa kuanzia.

Dhana: Zawadi haikataliwi.
Hukataliwa. Afisa wa serikali kuu hawezi kupokea ardhi bila sheria inayomruhusu, na umiliki wa ardhi hiyo lazima uchunguzwe. Kiwanja chenye mgogoro wa mipaka, au taka za sumu zilizofukiwa zamani, kinaweza kukwama hapohapo.