Asilimia 3 kwa mwezi, lakini ya kiasi gani?

Wengi wanaokuja kuniuliza kuhusu mikopo huanza na swali moja: riba asilimia ngapi? Ni swali la maana, ila peke yake halitoshi. Wakopeshaji wawili wanaweza kukutajia asilimia ileile, na bado mmoja akakugharimu karibu laki mbili zaidi. Mimi ni mhasibu wa SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, na ningependa kila mkopaji aijue hesabu hii kabla hajatia saini.

Tuseme mama lishe anakopa shilingi 1,200,000 anunue friji na meza, alipe kwa miezi 12, riba asilimia 3 kwa mwezi.

Kuna riba isiyopungua. Hii hupigwa kila mwezi kwenye kiasi chote ulichokopa, hata kama nusu umesharudisha. Asilimia 3 ya 1,200,000 ni 36,000. Deni la msingi, yaani fedha yenyewe uliyokopa, ukiligawa kwa miezi 12 unapata 100,000. Basi rejesho ni 136,000 kila mwezi, na mwaka ukiisha riba peke yake imefika 432,000.

Halafu kuna riba inayopungua. Hii hupigwa kwenye salio, yaani deni lililobaki. Mwezi wa kwanza ni 36,000, sawa na kule. Ukishapunguza 100,000 ya deni la msingi, salio linakuwa 1,100,000, kwa hiyo mwezi wa pili riba ni 33,000. Wa tatu ni 30,000. Inashuka hivyo hivyo hadi mwezi wa mwisho, 3,000. Jumla ya riba ni 234,000.

Tofauti ni 198,000, na kwa mama lishe huo ni mtaji wa siku kadhaa.

Utazame vizuri mwezi wa 12. Kwenye riba isiyopungua, wakati huo umebaki na 100,000 tu ya mkopeshaji, lakini bado unalipia 36,000. Kwa mwezi huo mmoja umetozwa asilimia 36 ya fedha uliyonayo mkononi. Bango la mlangoni bado linasema asilimia 3, na kwa maneno yake halijadanganya. Hapo ndipo wengi wanaumia.

Kingine ni makato ya mwanzo: ada ya fomu, ada ya mkopo, bima. Yakifika asilimia 4, mkononi unapokea 1,152,000, huku riba inapigwa kwenye 1,200,000. Uliza mapema utaondoka na shilingi ngapi.

Riba ya mikopo ya kausha damu, yaani ile ya mitaani yenye riba kubwa, hutajwa kwa wiki, na wiki huifanya riba ionekane ndogo. Asilimia 10 kwa wiki kwenye laki moja ni 40,000 kwa wiki nne. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kampuni au mtu binafsi anayekopesha kibiashara bila kupokea amana, yaani akiba za wateja, anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. Omba kuiona. Si utovu wa adabu, ni haki yako.

Omba pia jedwali la marejesho kabla ya kusaini. Angalia safu ya riba: kama tarakimu ni ileile kuanzia juu hadi chini, umeshajua ni riba ya aina gani. Kisha muulize afisa mikopo: nikimaliza deni mwezi wa sita, riba ya miezi iliyobaki inafutwa? Kwenye riba inayopungua, salio likiisha hakuna riba ya kutozwa. Kwenye isiyopungua, wapo wanaodai riba yote ya miezi sita iliyobaki, 216,000, kwa fedha ambayo umeshairudisha. Akikujibu kwamba inafutwa, mwambie aiandike kwenye mkataba.