Je, wajua kwanini magari ya zamani ya kutalii milimani yaliwekwa vioo kwenye dari?

Kama umewahi kupanda Kitonga na basi la Mbeya hii unaijua. Mmeshapita Ruaha Mbuyuni, watu wameshanunua vitunguu vyao, basi linaanza kupanda, dereva anashusha gia, mbele malori yanatambaa kama hayataki, na wewe uliyewahi siti ya dirishani unataka kuona huko juu mnakokwenda. Unaona nini? Mawe. Mawe na vichaka, karibu uviguse. Ili uone mlima unaishia wapi inabidi ujishushe kwenye siti mpaka magoti yagonge siti ya mbele, shavu ulibandike kwenye kioo, na hapo bado unachokiona zaidi ni ukingo wa dari ya basi.

Yani ukiwa mbali mlima unauona wote, ukishaingia ndani yake haupo tena. Na kinachouficha sio mawingu, ni bati la juu ya kichwa chako.

Tupige hesabu kidogo, sio ngumu. Chukulia ukingo wa juu wa dirisha uko sentimita 20 juu ya macho yako. Wewe uliyekaa sentimita 30 kutoka kwenye kioo unaweza kuangalia juu kama digrii 34 hivi, yule jamaa wa upande wa korido aliye mita moja kutoka kwenye kioo hichohicho anapata digrii 11 tu, basi. Sasa weka kilele kilicho mita 1,000 juu ya barabara na umbali wa kilomita moja kutoka ulipo, hiyo ni digrii 45. Hamkioni wote wawili, na nauli mmelipa sawa. Kwa mtu anayeenda zake Mbeya sio ishu, ila kwa mtalii aliyelipia kuona mlima na hakuna kingine, hapo kampuni imemuuzia dirisha la kuangalia mawe.

Jibu la kwanza lilikuwa rahisi, toa dari kabisa. Uswisi kule, basi za posta za milimani za miaka ya 1920, zile za njano zilizotengenezwa na Saurer, zilikuwa na turubai unalikunja mpaka nyuma na abiria wanabaki wazi kama wako kwenye pikapu. Marekani nao wakafanya hivyohivyo, na za kwao bado zipo barabarani. Kwenye hifadhi ya Glacier, jimbo la Montana, ilifunguliwa barabara mwaka 1933 inaitwa Going-to-the-Sun Road, inakatiza milima na kufika zaidi ya mita 2,000 pale Logan Pass. Kati ya 1936 na 1939 hifadhi ikaletewa basi nyekundu zaidi ya thelathini za kampuni ya White ya Cleveland, modeli 706, zilizoundwa maalumu kwa kazi hiyo, abiria 17, milango imepangana ubavuni na juu turubai la kukunja. Gia zake zilikuwa zile za kizamani zisizo na sinkro (kile kifaa kinachofanya gia iingie laini), za kukanyaga klachi mara mbili, na dereva alikuwa akiingiza gia kwa nguvu kwenye mpando mpaka abiria wote wanasikia, ndo maana madereva wakaitwa "jammers", wasukuma gia, na jina likahamia kwenye basi zenyewe. Mwaka 1999 zilisimamishwa kwa sababu chuma kilianza kupata nyufa, Ford wakasaidia kuzifufua, 2002 zikarudi kazini. Gari za miaka ya thelathini hizo, wee acha tu.

Tatizo la turubai unalijua hata kama hujawahi kupanda Jammer. Mlimani mvua haipigi hodi. Dakika hii jua, dakika tano mbele mawe ya barafu, basi linasimama, watu wanahangaika kuvuta turubai, na mkishafunga mmerudi kulekule kwenye digrii 11. Tena siku ya mawingu mawingu ndo siku mlima unapendeza kuliko zote, vilele vinatokea na kupotea, nyie mko gizani chini ya turubai mnanusa makoti yaliyolowa.

Basi si uweke kioo? Ndio, ila kioo cha dari sio mchezo. Cha kwanza uzito, kioo ni kizito na wewe unakiweka sehemu ya juu kabisa ya gari ambalo kazi yake ni kukata kona kali, na gari lenye kichwa kizito kwenye kona halina raha. Cha pili, dari ndo inayoshika bodi isipindepinde, ukiitoboa hovyo gari linalegea, milango inaanza kugoma kufunga. Cha tatu kukikunja kioo kifuate mviringo wa dari, ni kazi na ni gharama. Hapo Wajerumani walipata bahati, maana mwaka 1933 kampuni ya Röhm & Haas ya Darmstadt ilisajili jina la Plexiglas, ile plastiki inayoonyesha kama kioo, uzito wake chini kidogo ya nusu ya kioo, ukiipasha moto inakunjika unavyotaka. Mwaka 1935 reli ya Ujerumani ikatoa treni mbili za umeme za kutembeza watu milimani ambazo ni vioo karibu kila mahali, mpaka kwenye dari, watu wakaziita "treni ya kioo". Moja iliangamia kwenye mabomu ya vita 1943, nyingine ikaendelea kupiga kazi mpaka ajali ya Desemba 1995 pale Garmisch-Partenkirchen.

Ila gari lililolimaliza hili swali kwa akili kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kale kabasi kadogo ka Volkswagen, ile kombi ya kioo cha mbele kilichogawanyika. Mwaka 1951 walitoa toleo la kifahari, wenyewe wakaliita modeli maalumu, watu wakalizoea kwa jina la Samba. Hebu tuhesabu vioo vyake: viwili mbele, viwili vya milango ya mbele, vinne kila ubavu inakuwa kumi na mbili, viwili kwenye kona za nyuma vilivyokunjwa, kimoja nyuma, kumi na tano. Halafu vinane juu, vyembamba virefu, vinne kila upande. Jumla 23.

Angalia vile vinane vimekaa wapi. Havipo katikati ya dari, vipo kwenye ule mkunjo ambapo ubavu unapinda kuwa dari, palepale ambapo kwenye hesabu yetu macho yanagonga bati. Yani hawakutoboa dari ili uone mbingu, walitoboa ile sehemu inayoficha mlima na kuacha bati katikati ya kioo na kioo lishike bodi. Na katikati ya dari wakaweka turubai la kukunja kama la Jammer, kwahiyo kukiwa na jua unafungua, mvua ikija unafunga na kilele bado unakiona. Mabasi makubwa nayo yakafanya hivyohivyo miaka hiyohiyo ya hamsini, Setra za Kässbohrer wa Ulm kwa mfano, ukiona picha zake utaona mstari wa vioo umeinama kwenye ukingo wa dari.

Injini sasa, usicheke. Samba ya kwanza ilikuwa na nguvu za farasi 25, karibu sawa na bodaboda mbili za cc 150 ukizifunga pamoja, na hapo ndani wamo watu nane au tisa na mabegi. Kupanda nayo barabara ya Grossglockner kule Austria, iliyofunguliwa 1935 na inayofika mita 2,504, ilikuwa ni gia ndogo na uvumilivu. Ila ilikuwa inapoozwa kwa upepo, haina rejeta, wakati magari yenye rejeta yalikuwa yanasimama pembeni kuchemka, maana huko juu maji yanachemka mapema, kwenye urefu huo ni kama digrii 92 tu. Na ukiwa umekaa chini ya vioo nane, mwendo wa taratibu unalalamikia nini?

Swali linalokuja ni hili, mbona gari zetu za safari hazina hivi vioo? Landcruiser za Arusha na zile hiace za Kenya zote dari yake inainuliwa juu kwa vyuma, hakuna anayeweka kioo. Sababu ya kwanza ni joto. Jua linapita kwenye kioo, linapasha siti na watu, na hewa iliyopata moto haina pa kutokea. Kule kwenye milima ya Alps ya Ulaya huo moto ni neema, kwa sababu kila ukipanda mita 1,000 hewa inapoa kama digrii 6.5, kwahiyo jua la dirishani linakukanda vizuri. Seronera, katikati ya Serengeti, saa saba mchana huo moto ni oveni. Lakini sababu kubwa nadhani ni ileile hesabu ya digrii, imegeuka tu. Simba hayuko juu ya kichwa chako, yupo usawa wa macho au chini kwenye majani, kwahiyo unachohitaji ni kusimama, kuangalia pande zote bila kioo kung'aa kwenye kamera, na juu uwe na kivuli. Dari yetu ni mwavuli, yao ni dirisha.

Samba iliendelea kutengenezwa mpaka 1967. Kuanzia mwaka wa modeli 1964 mlango wa nyuma ulipanuliwa, vile vioo viwili vya kona vikaondolewa, ndo maana utasikia watu wanabishana za 21 na za 23. Hiyo tofauti ya vioo viwili sio ndogo mfukoni, mwaka 2011 moja ya 23 iliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola 200,000. Bei ikishafika hapo mafundi nao hawalali, wanachukua kombi ya kawaida wanaitoboa dari wanapachika vioo nane, kwahiyo mnunuzi mjanja haanzi na injini, anainua kitambaa cha dari kwa ndani anatafuta alama za welding, halafu anapitisha kidole kwenye raba za vile vioo vya juu, maana kwenye Samba ya kweli kutu huwa inaanzia hapo.