Kuacha Sigara, Kushika Kiko: Mapafu Yanabaki na Mazoea Yao

Swali hili huulizwa mwishoni, mgonjwa akiwa ameshasimama na mkono uko kwenye kitasa cha mlango. "Daktari, nikiacha sigara kabisa, halafu nikawa navuta kiko tu, mara mojamoja, jioni nikiwa nimetulia, si itakuwa nafuu?"

Anayeuliza hatafuti kisingizio. Mara nyingi ameshajaribu kuacha mara tatu nne, kila mara sigara ikamrudisha, na sasa anatafuta njia ya katikati inayobebeka. Amewaona wavuta kiko: hawatoki nje kila baada ya saa moja, hujaza moshi mdomoni na kuupuliza bila kuushusha kifuani, na kiko kimoja huwatosha jioni nzima. Hesabu yake ina mantiki. Imekosea mahali pamoja tu, pale anapodhani kwamba mvutaji wa sigara akishika kiko, atakivuta kama wanavyokivuta wale waliokianza tangu mwanzo.

Tuanze na moshi wenyewe, kwa sababu hapo ndipo imani hii ilipozaliwa. Tumbaku ya sigara hukaushwa na kuchanganywa kwa namna inayoufanya moshi wake uwe na asidi kidogo. Nikotini iliyo kwenye moshi wa asidi haipenyi vizuri katika ngozi laini ya mdomo. Ili mvutaji aipate, lazima moshi ushuke mapafuni, kwenye vile vifuko vidogo vya hewa, na kutoka hapo nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Moshi wa kiko, kutegemea mchanganyiko wa tumbaku, kwa kawaida huelekea zaidi kwenye alkali. Katika hali hiyo nikotini hupenya mdomoni, polepole, na mtu anaweza kutosheka bila kumeza moshi. Aliyevuta kiko tu maisha yake yote hakuwahi kuwa na sababu ya kuuvuta ndani, na akijaribu, ukali wake humkaba koo.

Mvutaji wa sigara amefundwa vingine. Chukua mtu wa sigara 20 kwa siku. Ikiwa kila sigara huvutwa mara 10 hivi, basi anashusha moshi kifuani mara 200 kwa siku, yaani zaidi ya mara 70,000 kwa mwaka. Zidisha kwa miaka aliyovuta. Kila mvuto ulifuatiwa, sekunde chache baadaye, na kitulizo kwenye ubongo. Mafunzo ya namna hiyo hayafutiki kwa kubadilisha chombo. Mtu huyu akishika kiko, kifua chake hufanya kilichozoea kufanya, mara nyingi bila mwenyewe kujua. Ukimuuliza, atakuambia kwa moyo mweupe kwamba havuti ndani. Damu yake inasema vingine.

Shahidi tunayemtumia ni kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotokana na kitu chochote kinachoungua bila hewa ya kutosha, tumbaku ikiwemo. Gesi hii haipenyi mdomoni kwa kiasi cha maana. Huingia kwenye damu kupitia mapafu, na huko huing'ang'ania himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayoizidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Ukiikuta kwa wingi kwenye damu ya mvuta kiko, moshi umeshuka.

Nchini Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 1997 uliwafuatilia wanaume 21,520 ambao walikuwa na umri wa miaka 35 hadi 64 walipoandikishwa, kati ya 1975 na 1982. Miongoni mwao walikuwamo watu walioacha sigara wakahamia kwenye kiko au biri, ile sigara nene iliyosokotwa kwa jani la tumbaku, tena walihama zaidi ya miaka 20 kabla ya kuandikishwa. Walikuwa wakivuta gramu 8.1 za tumbaku kwa siku, sawasawa kabisa na wavuta kiko na biri ambao hawakuwahi kugusa sigara. Kiasi kilekile, lakini damu yao ilikuwa na kaboni monoksaidi zaidi: asilimia 1.2 ya himoglobini ilikuwa imeshikwa, ikilinganishwa na asilimia 1.0 kwa wenzao. Miaka 20 na zaidi ilikuwa imepita, na mapafu yalikuwa bado yanavuta kama zamani.

Tofauti hiyo ndogo ilionekana kwenye vifo. Watafiti walihesabu magonjwa matatu: saratani ya mapafu, ugonjwa wa mishipa ya moyo, na ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Waliohama walikuwa na hatari ya kufa kwa magonjwa hayo iliyozidi kwa asilimia 51 ile ya wavuta kiko na biri wasiowahi kuvuta sigara, na iliyozidi kwa asilimia 57 ile ya watu walioacha sigara bila kuhamia kwenye chochote.

Upande wa pili nao nitausema, maana mgonjwa anastahili kuusikia wote. Hatari ya waliohama ilikuwa chini kwa asilimia 46 kuliko ya walioendelea na sigara. Nafuu ilikuwepo. Lakini angalia ilikotoka: walioendelea na sigara walikuwa wakivuta gramu 20 kwa siku, waliohama gramu 8.1. Kilichowasaidia kwa sehemu kubwa ni kupungua kwa tumbaku. Mti wa kiko hauchuji kitu. Na yule ambaye kiko chake kinaongezeka taratibu hadi kinashinda mkononi, ameipoteza hata nafuu hiyo.

Hapo nimezungumzia waliohama. Je, kiko chenyewe, kwa mtu asiyewahi kuvuta sigara? Nchini Marekani wanaume zaidi ya 138,000 walifuatiliwa kuanzia 1982 hadi 2000, wavuta kiko pekee wakilinganishwa na watu ambao hawakuwahi kutumia tumbaku. Hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu ilikuwa mara 5. Ya saratani ya mdomo na koromeo ilikaribia mara 4, ya umio ilizidi mara 2. Ya zoloto, kile kisanduku cha sauti, ilifika mara 13. Vifo vya ugonjwa wa moyo na vya kiharusi navyo vilizidi, kwa asilimia 30 na 27. Kwa hiyo hata yule mvuta kiko anayepuliza moshi bila kuumeza, ambaye mgonjwa wangu anamwonea wivu, hayuko salama. Moshi unaokaa mdomoni huacha lami na kemikali zake palepale unapokaa: kwenye midomo, ulimi, fizi, kaakaa. Mate hubeba sehemu yake hadi kooni.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1795 daktari wa Ujerumani, Samuel Thomas von Soemmerring, aliandika kwamba saratani ya mdomo wa chini huwapata zaidi wavuta kiko. Lakini mwaka 1964, Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani, Luther Terry, alipotoa ile ripoti maarufu iliyotangaza kwamba sigara husababisha saratani ya mapafu kwa wanaume, ripoti hiyohiyo ilieleza kwamba vifo vya wavuta kiko kwa jumla vilizidi kidogo tu vya wasiovuta. Watu walisoma sehemu hiyo kwa macho mawili. Mauzo ya tumbaku ya kiko na ya biri yakapanda mwaka huo. Waliotazamwa katika takwimu zile walikuwa hasa wavuta kiko wa asili. Waliokimbilia madukani walikuwa wavuta sigara, na walikwenda na mapafu yao.

Sasa hilo neno "mara mojamoja". Ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu linatuliza moyo wa msemaji kabla halijathibitishwa. Kwanza, uraibu wa nikotini hauendi kwa ratiba aliyoipanga mwenye nao. Nusu ya nikotini iliyo mwilini huondoka kila baada ya saa 2 hivi, na ubongo uliozoea kujazwa kutwa huanza kudai. Kiko kimoja cha jioni hakiwezi kumbeba mtu huyo hadi jioni ya kesho. Tunachokiona kwa wengi ni mojawapo ya mambo mawili: kiko kinahamia asubuhi na mchana, au sigara inarudi kujaza mapengo na mtu anakuwa na vyote viwili. Hakuna aliyepanga kufika hapo. Zaidi ya hayo, bakuli moja la kiko hubeba gramu 1 hadi 3 za tumbaku, wakati sigara haifiki gramu 1. "Kimoja tu" cha kiko kinaweza kuwa sigara mbili tatu kwa uzito.

Pili, moyo hauhesabu kama tunavyohesabu sisi. Tungetarajia kwamba sigara 1 kwa siku ina sehemu ya ishirini ya madhara ya sigara 20. Kwa saratani ya mapafu, kiasi na miaka vina uzito mkubwa. Kwa moyo, uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba anayevuta sigara 1 tu kwa siku anabeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba mvutaji wa sigara 20. Moshi kidogo unatosha kuikaza mishipa ya damu na kuzifanya chembe za kugandisha damu zinatane. Uchambuzi ule ulihusu sigara, lakini kwa mtu anayeshusha moshi wa kiko kifuani sioni sababu ya kutegemea huruma tofauti.

Basi nimwambie nini mgonjwa aliyesimama mlangoni? Humwomba aketi tena. Ukimsikiliza vizuri, anachokitaka kwenye kiko ni nikotini inayoingia polepole kupitia mdomo, inayomtuliza bila kumharibu mapafu. Kitu hicho kipo, na hakina moshi. Ni chingamu ya nikotini. Imetengenezwa kwa kuongezwa alkali kidogo ili nikotini ipenye kwenye ngozi ya mdomo, kanuni ileile ya moshi wa kiko. Haitafunwi mfululizo kama chingamu ya kawaida. Unaitafuna taratibu hadi usikie ladha kali, unaiegesha kati ya shavu na fizi, ladha ikififia unatafuna tena. Usinywe kahawa, soda wala maji ya matunda dakika 15 kabla yake, maana asidi hufunga njia. Wengi wanaosema chingamu haikuwasaidia waliitafuna mfululizo, wakaimeza nikotini pamoja na mate, ikaishia tumboni na kuwaletea kwikwi.

Chingamu ikiunganishwa na plasta ya nikotini inayobandikwa kwenye ngozi kutwa nzima hufanya kazi vizuri kuliko kimojawapo peke yake: plasta hushikilia kiwango cha chini, chingamu hupambana na ile hamu inayopanda ghafla. Kuna pia vidonge vya vareniklini, ambavyo kwa kawaida huanzwa wiki 1 kabla ya siku ya kuacha na kuendelea kwa wiki 12, na vya bupropioni, ambavyo mwenye kifafa hapaswi kupewa. Shirika la Afya Duniani limeziweka dawa hizi kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Siku 2 au 3 za kwanza ndizo kali, na sehemu kubwa ya arosto hupungua ndani ya wiki 2 hadi 4. Aliyejaribu mara nne kwa ujasiri mtupu, bila dawa wala mtu wa kumfuatilia, hajashindwa na dawa. Bado hajaijaribu.

Umri nao usiwe kikwazo. Madaktari wa Uingereza waliofuatiliwa kwa miaka 50 walionyesha kwamba anayeacha sigara akiwa na miaka 60 hupata nyongeza ya takriban miaka 3 ya kuishi, kwa 50 miaka 6, kwa 40 miaka 9.

Wapo wanaosoma haya wakiwa wameshahama zamani. Kwenu nina maombi mawili. Daktari akiuliza kama unavuta, usijibu "niliacha sigara" ukanyamaza. Sema unavuta kiko, kiasi gani na tangu lini, kwa sababu vipimo atakavyochagua vinategemea jibu hilo. Na mara moja kwa mwezi simama mbele ya kioo penye mwanga, vuta mdomo wa chini, inua ulimi, angalia kingo zake, mashavu na kaakaa. Doa jeupe lisilofutika, doa jekundu, au kidonda kisichopona ndani ya wiki 3, kionyeshe kwa daktari wa meno wiki hiyohiyo. Usingoje maumivu. Saratani ya kinywa inapoanza, mara nyingi haiumi.