Kabla hujajaza saikolojia kwenye maombi ya chuo: kwa vijana wa Kigoma na wazazi wao

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu haipumziki. Nafundisha saikolojia chuo kikuu, na nikirudi Kigoma likizo vijana hunifuata mpaka uani kwa mama. Swali lao ni moja: "Mwalimu, nikisoma hiyo nitaweza kumtazama mtu nikajua anawaza nini?" Wazazi wana lao: "Akimaliza ataitwa nani?" Nitajibu yote mawili, ila naanza na la vijana, maana ndilo linalowavunja moyo wengi muhula wa kwanza.

Hapana, hutajua anawaza nini. Kazi ya mwanzo kabisa ni kujizuia kudhani kwamba unajua. Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la dakika 30: nenda Kibirizi zinapopakia boti, kaa pembeni, andika unachokiona. Karibu kila mwanafunzi anarudi na sentensi kama "mama alikuwa na hasira na mwanawe." Namuuliza, hasira uliionaje? Anafikiri, kisha anasema, "Alimvuta mkono, hakuongea, akatazama ziwani." Basi andika hayo. Huenda alikuwa na hasira, huenda alikuwa na hofu boti itamwacha, huenda mtoto alikuwa anakaribia maji. Ukishaandika "hasira" umefunga mlango kabla hujaingia.

Sisi wa Kigoma tungepaswa kulielewa hili kuliko watu wengine. Kilomita 16 hivi kaskazini mwa mji, kwenye hifadhi ya Gombe, mtafiti Mwingereza Jane Goodall alishuka kwenye boti Julai 1960 akiwa na miaka 26, hana shahada yoyote. Miezi ya kwanza sokwe walimkimbia. Alikaa, akatazama, akaandika, hata akamwona mmoja akichokonoa kichuguu kwa unyasi ili avue mchwa. Wakati huo wataalamu waliamini ni binadamu peke yake anayetengeneza zana. Mwaka 1972 sokwe mzee aliyeitwa Flo alikufa. Mwanawe Flint, wa miaka 8 hivi, mkubwa wa kutosha kujilisha mwenyewe, akadhoofu, akakataa chakula, naye akafa baada ya wiki chache. Nikifundisha jinsi mtoto anavyoshikamana na mlezi wake, naanza na Flint kabla ya vitabu vya Ulaya.

Na kuna jambo ambalo vijana wengi hapa hawajawahi kuambiwa. Baada ya watafiti vijana 4 wa kigeni kutekwa nyara Gombe mwaka 1975 na wageni kuondoka, kazi ya kuwafuata sokwe siku hadi siku ilibebwa na Watanzania, wengi wao kutoka vijiji vya jirani. Kumbukumbu zao waliziandika kwa Kiswahili. Watafiti wa ng'ambo walilazimika kutafsiriwa ndipo wasome. Mtu asikwambie kwamba sayansi ya tabia haiandikiki kwa lugha yetu.

Baada ya kuona kunafuata kuhesabu, na hapa ndipo wengi wanaponilalamikia. Walikimbia hesabu sekondari, wakachagua tahasusi zisizo na hisabati kama HGL au HKL, sasa wanakutana na takwimu mwaka wa kwanza. Saikolojia yenyewe inahesabu umri wake tangu 1879, Wilhelm Wundt alipoanzisha maabara Leipzig, Ujerumani, akipima muda mtu anaotumia kuitikia sauti au mwanga. Vipimo vimo ndani yake tangu kuzaliwa.

Lakini takwimu zenyewe si mzigo ukizileta ziwani. Tuseme mwalimu wa shule ya msingi Katonga ameona kwamba kuna siku za mwezi wanafunzi wake husinzia sana darasani. Anahesabu, anakuta ni siku za giza, usiku usio na mbalamwezi. Mtu wa haraka atasema mwezi una nguvu juu ya akili za watoto. Mvuvi anajua zaidi: kukiwa giza taa zinawashwa majini na dagaa wanavuliwa, mbalamwezi ikirudi watu wanapumzika. Alfajiri ya siku za giza kuna dagaa wa kuanika, na mikono ya watoto inaitwa. Mwezi na usingizi vinatembea pamoja, ila usingizi unaletwa na kazi ya alfajiri. Mwanasaikolojia atauliza: watoto wa wakulima wa darasa hilohilo, siku zilezile, nao wanasinzia? Hilo swali ndilo takwimu. Namba ni namna ya kulijibu bila kujidanganya.

Kuna pia suala la maneno. Dodoso linalotumika sana duniani kupima sonona, ugonjwa wa huzuni iliyozidi, lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, na lilitungwa kwa Kiingereza. Ukilitafsiri neno kwa neno, bibi wa Kasulu atakuitikia kwa heshima tu. Yeye atasema moyo ni mzito, au mawazo yamemzidi. Huko Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mtaani wakae kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza na wagonjwa. Walianzia kwenye neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na dodoso lenye misemo ya watu wenyewe. Jaribio lililochapishwa 2016 lilionyesha kwamba baada ya miezi 6 wagonjwa wa benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Natamani kijana wa hapa afanye kazi ya namna hiyo kwa Kiswahili na Kiha.

Sasa swali la wazazi. Shahada ya kwanza haimfanyi mtu kuwa daktari wa magonjwa ya akili. Huyo anasoma udaktari miaka 5, utarajali mwaka 1, kisha ubobezi miaka 3, na ndiye anayeandika dawa. Wala haimfanyi mtabibu wa kisaikolojia wa hospitali. Hiyo inahitaji shahada ya uzamili, kama inayotolewa Muhimbili. Shahada ya kwanza inamfungulia unasihi, yaani ushauri nasaha, shuleni, utafiti, rasilimali watu, na kazi za msaada wa kisaikolojia kwa jamii, ambazo mkoa wetu unazifahamu tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilipofunguliwa 1996. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha saikolojia chini ya Shule Kuu ya Elimu, kwa hiyo mlango wa ualimu nao upo. Ajira si nyingi, na sitamficha mzazi anayeuza ng'ombe kwa ajili ya ada.

Kujiunga, kiwango cha chini cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ni ufaulu wa A hadi E katika masomo mawili ya tahasusi, wenye jumla ya pointi 4. Kozi nyingine zinataka zaidi. Soma mwongozo wa mwaka wako, usitegemee wa kaka yako.

Wapo wanaonifuata kwa sauti ya chini, watu wakishaondoka. Wanataka saikolojia kwa sababu kuna jambo liliwapata. Mwanangu, hilo halikuzuii kuisoma, wengine wamekuwa wanasihi wazuri mno. Ila darasani utafundishwa kuhusu maumivu mbele ya watu 100, na mtihani utakuja ukiwa tayari au hujawa tayari. Usingoje chuo kikutibu. Nenda Maweni, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, uulizie huduma za afya ya akili, au mwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, na uende wiki hii. Fomu ya chuo tutaijaza ukirudi.